Kabla Hujaipanda

Jolanda, mwalimu mgeni, ufunguo huu hapa.
Usiitafute breki mkononi, haina.
Breki iko miguuni: rudisha pedali nyuma, itasimama,
si papo hapo, lakini itasimama,
kama mtu mzima aliyeitwa na mtoto.

Huku Nickerie hakuna mlima.
Hata kichuguu cha kujifunzia hatuna,
nchi imelala chali, juu yake mpunga.
Mlima wetu ni upepo.
Asubuhi utauteremka bila kujua kwamba upo,
utajisifu: kumbe bado nina mapaja!
Saa saba mchana, shule ikifungwa, utaupanda,
kidevu kwenye usukani, sketi ikipiga makofi,
na wanafunzi wako watakupita
wawili wawili juu ya tairi moja bovu, wakikuamkia.

Lami ni ya malori ya mpunga.
Usishindane nayo. Shuka, simama majanini
uwe nguzo, mpaka vumbi likusahau.
Wakati wa mavuno, kwenye kona ya kinu cha Soerdjan,
punje humwagika zikatanda kama shanga.
Kiwiko hiki unachokiona kiliacha ngozi pale.
Utawakuta bata wa Bi Roekmini wanakula.
Usijichoshe na kengele,
wale ni viziwi wa kutaka.

Njia ya makombe yaliyosagwa, ile nyeupe nyuma ya msikiti,
haitelezi, ila inatafuna mpira.
Beba kiraka, beba gundi, beba subira.
Na njia ya mkato, ile ya udongo kando ya mfereji,
mvua kubwa ikishaanza achana nayo.
Ule ni mfinyanzi, haugandi tu, unafinyanga:
hatua ishirini, gurudumu limekuwa chungu,
na wewe umebeba kilichopaswa kukubeba.

Chumvi nayo haikai baharini.
Hupanda baiskeli kabla yako.
Kila Jumapili, mnyororo, mafuta ya cherehani,
hata kama hukwenda popote.

Jioni, mikoko ikianza kuwa meusi, funga mdomo.
Atakayeimba atakula mbu.

Sasa, daraja la mfereji wa tatu.
Lina mbao saba. Zilikuwa nane.
Wa nane ndio huu hapa nyuma, kwenye keria,
ushike, uone ulivyolainika.
Wagino aliung'oa usiku,
nilipokuwa na mimba ya Djoemirah,
ili nikae vizuri akinipeleka kliniki.
Alisema ataurudisha nikishajifungua.
Djoemirah ana miaka kumi na miwili,
na mwaka wa kumi na moja huu
tangu baba yake aende Rotterdam kwa miezi sita.

Huandika. Siwezi kusema haandiki.
Anasema huko baiskeli zina barabara zao, nyekundu,
na taa zao za kusimama na kwenda,
na mtu akiegesha vibaya serikali inaichukua.
Nilimjibu: sisi tuna bata.

Mimi naondoka kesho na basi la alfajiri,
wakanitoe mtoto wa jicho. Wiki sita, daktari amesema,
nisiiname, nisibebe, nisipande chochote.
Ndiyo maana nakueleza yote haya,
si kwamba nakuona mjinga.

Ukifika darajani, usipunguze mwendo sana,
utayumba. Nenda katikati.
Kwenye pengo, inuka kitini,
kidogo tu, kama unayempisha mtu apite chini yako,
kisha kaa.
Mimi huinuka pale hata ninapovuka kwa miguu.
Djoemirah hunicheka.

Pampu iko nyuma ya mlango.
Tairi la mbele huvuja polepole,
lakini asubuhi moja kwa moja mpaka shule
linafika.